Mstari Mwembamba Chini ya Picha

Kwa miaka mitatu nilimjua Mwalimu kama mtu anayetazama filamu, na nilichelewa mno kugundua kwamba hatazami chochote.

Hapa Garsen kila mtu alimwita Mwalimu, hata waliokuwa walimu wenyewe. Alifundisha hisabati Bura, kisha Hola, kisha hapa, na alipostaafu alibaki katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kwetu, iliyoinuliwa juu ya msingi mrefu kwa sababu ya mafuriko. Waya wa sola ulishuka kutoka kwenye bati, ukapita dirishani, ukaishia kwenye kompyuta nyeusi, nene, yenye umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Shule ilikuwa inazitupa kompyuta za aina hiyo. Yeye alizibeba tatu kwa bodaboda, akazifungua mezani, akatoa viungo vya mbili akavipa ya tatu, kisha akaiwekea Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani bila kazi, nikawa nawajazia watu fomu za mtandaoni kwa siku mbili tatu za wiki na siku zilizobaki nabishana. Nilibishana na baba kuhusu siasa, na mama kuhusu dawa za tumbo, na vijana wa stendi kuhusu kila kitu. Watu walinichoka haraka. Mwalimu hakunichoka, nadhani kwa sababu hata yeye hakuwa mtu wa kukubali jibu. Ukimwambia mvua itanyesha kesho, atakutazama juu ya miwani na kusema, "Jibu nimelisikia. Onyesha njia."

Alimwambia hivyo fundi wa sola, daktari, na wagombea waliokuja kuomba kura. Mgombea mmoja aliahidi lami hadi Ozi. Mwalimu akamletea karatasi na kalamu, akasema, "Onyesha njia." Yule bwana alidhani anaombwa achore ramani ya barabara, na kwa kweli alianza kuichora.

Alikuwa mkavu, lakini hakuwa mkali. Shati lake lilipigwa pasi hata siku asizotoka. Alikula wali wa mpunga wa Kilelengwani aliouletewa na shemeji zake, na samaki akipatikana, na alipika mwenyewe tangu mkewe afariki. Sufuria ilikuwa moja, sahani moja, kikombe kimoja. Siku ya kwanza aliponikaribisha chai, alinimiminia mimi kwenye kikombe, yeye akanywea kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Wiki iliyofuata nilibeba kikombe changu kutoka nyumbani. Alikiangalia, akakiweka rafuni kando ya chake.

Kuhusu Linux, wengi walimcheka. Kijana wa duka la simu alimwambia, "Mwalimu, nikuwekee ule mfumo wa watu wote, niko nao kwenye fleshi. Dakika ishirini tu."

"Umeununua?"

"Ah, Mwalimu! Nani ananunua?"

"Miaka thelathini nimewapa watoto sifuri kwa kunakili," Mwalimu alisema. "Leo nikae nyumbani kwangu na kompyuta iliyonakiliwa?"

"Lakini hiyo yako filamu zinakuja na ukungu."

"Ukungu si wizi."

Na ukungu ulikuwepo kweli. Alikuwa na akaunti katika mojawapo ya zile huduma za kutazama filamu mtandaoni, na kwenye kompyuta yake zilicheza kwa shida. Ilibidi akiruhusu kivinjari kutumia kijiprogramu kinacholinda filamu zisinakiliwe. Kijiprogramu hicho kilipopitwa na wakati, picha iligeuka weusi mtupu, sauti peke yake ikisema. Akakaa siku nzima na kitabu chake cha maelezo, akiandika amri moja baada ya nyingine, mpaka picha ikarudi. Ikirudi, inarudi hafifu. Wenye huduma zile hawauamini mfumo ule kwamba utawalindia mali yao, kwa hiyo huupa picha ya daraja la chini. Nyuso za watu zilikuwa kama zimechorwa kwa makaa kisha zikamwagiwa maji.

Alifungua kompyuta kila siku asubuhi, baada ya maziwa. Maziwa yaliletwa na Mama Guyo, mama wa Kiorma aliyetembea na dumu lake kutoka maboma ya nje ya mji, na ambaye hakuwa na haraka ya kuondoka mahali penye kivuli. Alisimama mlangoni akichungulia skrini.

"Mwalimu, watu yako leo hapana tembea?"

"Wanangoja mtandao, Mama Guyo."

"Ng'ombe ikingoja maji nalia. Hii nanyamaza tu. Hii ni wagonjwa."

"Watapona."

"Na huyu kijana nakaa hapa kila siku, hana kazi?"

"Ana kazi ya kuuliza."

"Nani nalipa hiyo?"

Mama Guyo akacheka mpaka dumu likatikisika. Mwalimu naye alitabasamu, ila alingoja aondoke kwanza ndipo aguse kipanya. Hilo niliona mapema na nikalipuuza. Alikuwa na namna ya kungoja watu waondoke.

Siku moja nilimchokoza. Tulikuwa tumezungumza tena habari ya kunakili, naye akaniambia kwamba mtu mwaminifu hahitaji kuchungwa na kijiprogramu. Nikamuuliza, "Na hii akaunti ya filamu, Mwalimu, umeilipia wewe?"

Nilitaka kushinda tu. Nilijua pensheni yake inachelewa, na nilijua huduma zile zinadai kadi ambayo hakuwa nayo. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Hapana," alisema. "Sogeza kiti."

Alifungua ukurasa wa kwanza wa huduma ile. Palikuwa na vijisura viwili vya kuchagua nani anatazama. Kimoja kilikuwa mchoro wa ndege, na chini yake jina la binti yake. Cha pili kiliandikwa "Baba na Mama". Akabonyeza ndege. Ukurasa ukafunguka, tangazo la filamu fulani likaanza kucheza lenyewe juu, watu wakikimbia. Nikatambua kwamba hao ndio watu waliokuwa wakisogea kila asubuhi. Yeye hakuwatazama. Alishuka chini, kwenye safu ya vitu ambavyo mwenye kijisura hicho ameanza na hajamaliza. Chini ya kila picha palikuwa na mstari mwembamba unaoonyesha amefika wapi.

"Jana alikuwa hapa," alisema, akiweka kidole kwenye kioo. "Leo yuko hapa. Ametazama kama dakika ishirini na tano, kisha amelala. Huwa halali katikati ya kitu asipochoka."

Kando ya kompyuta palikuwa na daftari la mahudhurio, lile la shule, lenye viboksi vidogo vya siku. Mwanafunzi alikuwa mmoja. Siku ambayo mstari umesogea aliweka alama ya kuwapo. Siku ambayo haukusogea aliacha wazi. Hakuweka alama ya kutokuwapo hata mara moja, na nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Sijui kama hayupo. Najua tu sijamwona."

Kisa chao alinisimulia kwa mara tatu au nne tofauti, kila mara akiongeza sentensi mbili. Binti alikuwa Kanada, akisomea uuguzi. Akaunti aliifungua yeye ili wazazi wake nao watazame, na jioni walipigiana simu kuzungumzia walichokiona. Kisha mama akaugua. Mwalimu aliona binti amebakiza mitihani miwili. Akaamua asiambiwe. Mama alipofariki walimzika siku hiyohiyo Kilelengwani, kabla ya alasiri, naye akawaita ndugu wote makaburini na kuwaambia kwamba mtu asimpigie mtoto simu mpaka amalize. Wakamtii. Alikuwa Mwalimu. Kwa siku kumi na mbili binti aliuliza mama yuko wapi, akaambiwa amelala, ameenda shambani, simu yake haina chaji.

Alifaulu. Ndipo baba yake akampigia na kumwambia.

"Aliniuliza, mlimzika lini? Nikamtajia siku. Akasema, asante kwa kunijulisha. Basi."

"Hukumpigia tena?"

"Miezi sita nilipiga. Inaita mpaka inakatika. Nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Sitaki kumpa sababu ya kubadilisha namba."

Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kudai njia ya kila jibu, na alikuwa amempa mtoto wake majibu ya uongo siku kumi na mbili mfululizo. Nilimwambia hivyo. Siku hizo nilidhani ukweli hauna wakati mbaya. Hakunifukuza. Alisema, "Nilidhani natunza matokeo yake," kisha akauliza kama nimekunywa chai.

Kwa hiyo kompyuta ile kuukuu ndiyo ilikuwa mlango pekee. Iliingia kwenye akaunti zamani, kabla huduma haijaanza kudai kwamba wanaotumia akaunti moja wakae nyumba moja, na kwa bahati ilikuwa imesahaulika humo ndani. Mwalimu aliogopa vitu viwili tu: kwamba itatolewa, au kwamba binti atakumbuka kuwa baba yake bado yumo na kumfungia.

"Huenda anajua na amekuacha makusudi," nilimwambia.

"Huenda."

"Au amesahau kabisa."

"Huenda pia." Alisema zote mbili kwa sauti ileile. Nilijua ya pili ndiyo aliyolala nayo.

Kisha, mwaka jana msimu wa mvua, ilitokea katuni. Nilimkuta amesimama mbele ya skrini, hajakaa, kikombe mkononi. Katika safu ya binti, kati ya filamu za mahakama na za wapelelezi, palikuwa na katuni ya vitoto vya bata vinavyoimba herufi.

"Mtu mzima hatazami hii," alisema.

"Inaweza kuwa mtoto wa rafiki yake. Amemshikia siku moja."

"Inaweza."

Kesho yake katuni ilisogea. Na keshokutwa. Baada ya miezi michache ikaja nyingine, ya gari la moshi linalohesabu hadi ishirini. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini ya kujua mtoto wa umri gani anajifunza nini. "Huyu ana miaka mitatu, anaelekea minne," alisema. Kisha akasema polepole, "Nadhani mimi ni babu."

Ni mimi niliyemwambia lile jambo la pili. Nililisema bila kufikiri, nikiwa nakoroga sukari: "Lakini Mwalimu, kama wewe unaweza kufungua kijisura chake ukaona alipofika, na yeye anaweza kufungua chako."

Mkono wake ulisimama juu ya kipanya. Katika miaka yote tangu mkewe afariki hakuwa ameanzisha filamu hata moja kwenye kile kijisura cha "Baba na Mama". Akiwa mwalimu wa hisabati, hakuwa amegeuza mlinganyo wake upande wa pili. Kwa siku mbili hakufungua kompyuta. Siku ya tatu nilimkuta ameketi, ameingia kwenye kijisura chao yeye na marehemu, anatazama gari la moshi likihesabu. Alitazama kwa makini, mgongo wima, kama anayesahihisha. Lilipofika dakika ya saba akalisimamisha.

"Mbona umeacha?"

"Amefika hapa. Nisimtangulie."

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu siku ile. Kila asubuhi aliangalia mstari wa mjukuu umefika wapi, kisha akahamia kwenye kijisura chake na kutazama mpaka mistari ikawa sawa. Mama Guyo, aliyezoea watu wanaokimbia, alishangaa. "Mwalimu sasa narudi mtoto," alisema. "Hii bata naimba nini?" Mwalimu akamwimbia herufi zote mpaka mwisho, kwa sauti ya kukwaruza, naye Mama Guyo akasahau kudai bei ya maziwa.

Kosa ni langu. Nilikuwa nimechukizwa na ukungu ule. Mzee anatazama anachotazama mjukuu wake, kisha hata sura ya bata haioni vizuri kwa sababu kampuni haiuamini mfumo wake! Nilisoma mijadala ya watu mtandaoni, nikapata hila: kuna kiongezo kinachofanya kivinjari kijitambulishe kwa jina la mfumo mwingine, na baadhi ya watu walisema picha huboreka. Mwalimu alikwenda Malindi kwa daktari wa macho akaniachia ufunguo nichaji betri ya sola. Nikaketi. Nikaweka kiongezo. Picha haikubadilika, nikasoma tena, wakasema futa kwanza kumbukumbu za kivinjari. Nikafuta.

Kufuta huko kukaitoa kompyuta kwenye akaunti, huduma ikaniomba jina na nywila. Nywila ilikuwa nyuma ya daftari lake, nikaiingiza. Yakaja maandishi: kifaa hiki hakijulikani katika nyumba ya akaunti hii, msimbo utatumwa kwa mwenye akaunti. Chini yake palikuwa na kitufe cha kutuma, na tarakimu mbili za mwisho za namba ya simu ya Kanada. Nilikiondoa kiongezo, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Haikusaidia kitu. Mashine ilikuwa imeonekana.

Aliporudi nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza. Akauliza swali moja: "Uliifanya idanganye?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akatikisa kichwa taratibu, akazima kompyuta, akaenda kuosha kikombe chake. Changu alikiacha rafuni.

Siku zilizofuata sikuenda. Nilimwona kwa mbali, shati limepigwa pasi, ameketi barazani bila kitu mkononi. Nilijiambia anahitaji muda. Huo ulikuwa woga wangu tu. Mama Guyo ndiye aliyenifuata mpaka kwenye kibanda ninakojazia watu fomu, dumu kichwani, watu wakiwa foleni.

"Wewe! Wewe navunja sanduku ya Mwalimu?"

"Si kuvunja, mama, ni—"

"Siku kumi na moja maziwa nalala kwa kikombe, naganda. Yeye hapana kunywa. Wewe nasoma mpaka chuo, nasoma kuvunja tu? Kutengeneza hapana soma?"

Foleni nzima ikanitazama. Nikafunga kibanda.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipisha. Nilimwambia kwamba njia imebaki moja, nayo anaijua: kubonyeza kitufe. Msimbo utakwenda kwa binti, na binti ataona kwamba kuna mtu kwenye kompyuta, huku Kenya, anaomba kuingia.

"Atajua ni mimi," alisema.

"Atajua."

"Na kama hakujua kwamba nilikuwa humo miaka hii yote?"

"Atajua hilo pia."

"Halafu?"

Zamani ningempa hoja. Nilisema, "Sijui, Mwalimu. Njia sina."

Akanitazama muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza bila kunipima. Akawasha kompyuta. Ile mashine ilichukua muda wake kuamka. Alihesabu kwa vidole: "Kule sasa ni asubuhi. Atakuwa ameamka. Ana mtoto wa kumwandaa." Ukurasa ulipofunguka, kitufe kilikuwepo, na zile tarakimu mbili. Alizigusa. Kisha akabonyeza, haraka, kama anayetoa mwiba.

Maandishi yakasema msimbo utadumu dakika kumi na tano, na dakika zikaanza kushuka. Akaiweka simu yake mezani, kioo kikitazama juu. Nje bodaboda ilipita na muziki. Dakika ya kumi na nne. Ya kumi na tatu. Nilikuwa natunga kichwani mwangu maneno ya kumwambia muda ukiisha, na yote yalikuwa mabaya.

Simu ikatetemeka.

Namba ilikuwa ile ya binti. Ujumbe ulikuwa na tarakimu nne. Hapakuwa na salamu wala jina. Mwalimu alizisoma kwa sauti, moja moja, kama anayesoma matokeo ubaoni. Akazisoma tena.

"Ingiza, Mwalimu," nilisema. "Muda unakwenda."

"Amejibu kwa dakika tatu."

"Ndiyo. Ingiza."

"Ana kazi. Ana mtoto wa kumvalisha viatu. Dakika tatu." Aliishika simu kwa mikono miwili. "Angeweza kuacha tu. Ilihitaji atafute jina langu kwenye simu, aandike, atume."

"Mwalimu, tafadhali."

Hakusogea. Niliona dakika zikishuka, tisa, sita, mbili, na mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe kwenye kibodi. Nilijizuia, nilikuwa nimekwisha kugusa vya kutosha ndani ya nyumba ile. Skrini ikabadilika. Msimbo umekwisha muda wake.

"Umeupoteza!" nilisema, na sauti yangu ilikuwa karibu ya kulia. "Siku kumi na moja, kisha umeupoteza!"

Mwalimu aliinama karibu na kioo, akasoma mstari mdogo uliotokea chini: tuma msimbo mwingine.

"Tumwombe tena," alisema.

Akabonyeza. Kisha akafunga kifungo cha shingoni cha shati lake, akaketi wima.